Mashini ya Wageni

Mashini iliamua kufa Jumatatu saa ya chakula cha mchana, muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa na maharagwe ukiwa ndani, na Kaveke akaitukana. Hayakuwa matusi makubwa, kwa sababu yeye ni mama wa kanisa na dirisha la jikoni kwake linaangalia mlango wa jirani, lakini matusi yalikuwa. Aliigonga ubavuni kwa kiganja, mahali pale pale alipozoea kuigonga kila ilipogoma. Ikanguruma kidogo. Akaigonga tena. Ikatoa moshi mwembamba wenye harufu ya mpira unaoungua, halafu ikanyamaza kabisa.

"Leo?" akaiuliza. "Siku zote hizo, ukachagua wiki hii?"

Mtu asiyeijua nyumba hiyo ya mtaa wa Landless, Thika, angeshangaa kuona mwanamke mzima akigombana na chombo cha jikoni. Lakini wiki hiyo haikuwa ya mchezo. Alhamisi, mumewe Mwau alikuwa anarudi kliniki kupimwa uzito. Tangu apigwe na kiharusi, koo lake lilikuwa limesahau kazi yake. Chakula kikiwa na chembe kilimsakama, na kikiwa majimaji kilipita njia isiyo yake. Daktari alikuwa amesema asagiwe kila kitu kiwe laini na kizito, kama maziwa mala yaliyoganda vizuri, na kwamba akipungua tena hata kidogo, watamwekea mpira puani wa kupitishia chakula. Mwau alisikiliza. Walipofika nyumbani alimwambia mkewe, kwa yale maneno yake mapya yaliyotoka moja moja, kwamba siku ya kuwekewa mpira ndiyo siku atakayopanda gari kwenda kwao Matuu kungoja kufa, na mtu asimshike shati.

Kaveke alimjua mumewe. Mwau hakuwa mtu wa kutisha watu kwa maneno. Akisema ataenda, huyo ameenda.

Kwa hiyo mashini hiyo ndiyo iliyokuwa kati ya Mwau na ule mpira. Aliinunua mwenyewe kwa pesa za likizo, wakati ule akiwa kijana wa kiwanda cha matunda cha Thika, akisimamia mtambo wa kufunga vifuniko vya mikebe. Ilikuwa ya rangi ya maziwa ilipokuja. Sasa ilikuwa ya rangi ya chai. Kifuniko chake kilivunjika zamani, kikawa kinashikiliwa na ukanda uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Ilikuwa imekanda unga wa chapati za harusi za watu, imekata kabeji za matanga, imesaga vitunguu vya kila sherehe ya kanisa. Majirani walipoisikia ikinguruma walijua kwa Mama Muoki kuna kitu. Kaveke aliipenda, na akikipenda kitu Kaveke hasikii la mtu.

Na hapa ndipo maneno yalipokuwa. Nyumba hiyo ilikuwa na mashini nyingine. Mpya. Ilikuwa sebuleni, katikati ya kabati la vioo.

Waliileta mwanawe Muoki na mkewe Wamboi, wanaoishi Mwihoko kule Ruiru, Krismasi ya mwaka juzi. Ilikuwa nyeusi, inang'aa, ina visu vya aina kadhaa na bakuli la kuonea ndani. Kaveke alishangilia, akapiga kigelegele, akaiombea. Kisha akaipangusa, akaipanga katikati ya kabati, baina ya glasi ambazo hakuna mtu wa nyumba hiyo aliyewahi kuzinywea na sahani za maua ambazo hakuna aliyewahi kuzilia, akaifunika juu kwa kitambaa cheupe alichokifuma kwa mkono wake mwenyewe, akaacha upande wa mbele uonekane.

"Hiyo ni ya wageni," alisema, na hakuna aliyebisha. Kwani nani hajui? Vitu vizuri ni vya wageni. Hata thamosi ya maua ilikuwa ya wageni.

Wageni wenyewe walikuwa wakwe watarajiwa, jamaa za kijana aliyetaka kumwoa Ngina, binti wa mwisho. Walisema wanakuja Pasaka. Wakasema samahani, Agosti. Agosti wakafiwa, wakasema Disemba. Disemba nayo ikapita na sababu zake, na sasa walikuwa wanataja Agosti nyingine. Mashini iliwangoja hapo kabatini, na karatasi yake ya plastiki bado iko juu ya vitufe. Mwau naye alikaa mkabala nayo kutwa, kwa sababu kiti chake kiliwekwa pale jua la asubuhi linapofika.

Jumatatu hiyo Kaveke aliutoa muthokoi kwenye mashini mfu, akauponda kwa mwiko, akauponda kwa nyuma ya kikombe, akaupeleka sebuleni mikono ikiuma. Akamketisha Mwau sawasawa, akamfunga taulo kuukuu shingoni, akamlisha.

Kijiko cha kwanza kilipita. Cha pili kilikaa kinywani muda mrefu. Baada ya cha tatu Mwau akageuza uso.

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini? Vijiko vitatu? Hata kuku hashibi hivyo."

"Nimeshiba, Mama Muoki."

"Baba Muoki, mimi nimesimama tangu asubuhi. Nimechemsha, nimeponda, mikono imekufa ganzi. Sasa wewe unaniletea maringo. Fungua mdomo."

Alifungua mdomo, kwa kumwonea huruma. Ganda moja la haragwe likamkwama. Alikohoa, akakohoa, uso ukabadilika rangi, macho yakatoka machozi, na ule mkono wake mzima ukaanza kupapasa hewani. Kaveke alipiga yowe. Jirani Kavata aliingia mbio bila kubisha hodi, wakamwinamisha pamoja, wakampiga mgongoni mpaka ganda likatoka. Muthokoi ulitapakaa taulo, kiti na zulia.

Kaveke alikaa chini. Halafu, kama ilivyo kawaida ya mtu aliyeogopa sana, akakasirika.

"Unaona? Unaona ukaidi wako?" akamwambia mumewe. "Ungekuwa unatafuna vizuri haya yote yangetoka wapi?"

Kavata alimtazama, akafungua mdomo, akatazama kabati, akaufunga. Kisha akaufungua tena.

"Lakini Mama Muoki, si kuna ile..."

"Ile ni ya wageni wa Ngina," Kaveke akamkata. "Hii yangu haijakufa. Imechoka tu. Kesho naipeleka kwa Kinuthia."

* * *

Kinuthia alikuwa fundi wa redio, pasi na kila kitu chenye waya, na kibanda chake karibu na soko la Thika kilijaa matumbo ya televisheni. Alishamtengenezea Kaveke mashini hiyo mara nyingi mpaka skrubu zote za ndani zilikuwa za Kinuthia. Siku hiyo aliifungua, akanusa, akakunja uso.

"Haiya, mathe. Hii umeichoma."

"Sijaichoma. Ilijichoma."

"Koili imeungua yote. Ona." Akamwonyesha nyaya nyeusi. "Na hivi visu, ebu shika. Shika tu, haviwezi kukukata. Hivi vilikuwa vinasaga nini?"

"Muthokoi. Ya mzee."

"Vilikuwa havisagi, mathe. Vilikuwa vinapigapiga tu."

Kaveke alivishika, akapitisha kidole kwenye makali, na kweli hapakuwa na makali. Lakini hakuwa amekwenda pale kusikia habari za visu.

"Itatengenezeka?"

"Hii motor haiko siku hizi. Labda uende Ruiru, kuna duka moja huwa linauza spea za vitu za zamani. Labda." Akaifunga tena, akamrudishia. "Lakini mathe, kwani si Muoki alikununulia mpya? Kuna siku Ngina aliniambia."

"Ngina ana mdomo," Kaveke akasema, akaipakia mashini yake kwenye mfuko.

Usiku huo Mwau alikula ndizi iliyopondwa, nusu yake. Alikuwa amekula ndizi zilizopondwa na viazi vilivyopondwa kiasi kwamba akiviona tu anafumba macho. Kaveke hakumgombeza. Alimtazama akiwa amelala, akaona mifupa ya bega imesimama chini ya shati.

* * *

Jumatano asubuhi alimwachia Kavata mumewe, akaenda Ruiru. Duka la spea alilipata. Limefungwa, na mlangoni sasa panauzwa vioo vya simu. Akauliza huku na huku, akaelekezwa kwenye duka kubwa la vyombo vya umeme, taa zinawaka mchana, kijana mwembamba amesimama mlangoni na fulana ya duka.

"Karibu, mathe. Ni nini tunakupatia?"

Kaveke aliweka mfuko juu ya kaunta, akaitoa mashini, na ule ukanda wa tyubu ukachomoka na kurukia sakafuni. Kijana akaokota ukanda. Akaitazama mashini. Akamwita mwenzake.

"Brayo, kuja uone! Kuja uone kitu ilizaliwa kabla ya sisi!"

Brayo akaja. Wakaigeuza, wakacheka. Si kicheko kibaya sana, cha vijana tu, lakini Brayo akatoa simu, akaanza kuipiga picha, na mkono wa Kaveke ukaonekana kwenye picha hiyo, umeshika kifuniko kilichovunjika.

"Wewe! Usinipige picha!"

"Si wewe, mathe, ni mashini. Hii itapata likes."

"Mimi nimekuja na mgonjwa nyumbani, wewe unataka likes! Mna spea au hamna?"

Yule wa kwanza akajikuna kichwa. "Pole, mathe. Spea ya hii hakuna mahali. Hata ukienda Nairobi. Lakini tuko na mpya." Akageuka akaonyesha rafu, na Kaveke akaiona. Ilikuwa ile ile. Nyeusi, inang'aa, dada yake na iliyoko kabatini kwake. Chini yake palikuwa na kibandiko cha bei.

Aliisoma bei. Akavaa miwani, akaisoma tena. Alikuwa akidhani ni kitu cha elfu mbili, tatu, zawadi ya Krismasi tu. Kumbe ilikuwa inakaribia kodi ya nyumba ya mwanawe.

"Hii inasaga mpaka muthokoi?" akauliza, kwa sauti ndogo.

"Mathe, hii inasaga mpaka njugu ikuwe siagi. Na iko na waranti mwaka moja."

"Na kama imekaa mwaka moja bila kutumiwa?"

"Basi waranti imeisha."

"Hata kama haijawahi kuwashwa?"

"Inaanza siku ya kununua, mathe. Sasa nani ananunua kitu kama hii halafu anaiweka tu?" Kijana akacheka, akiwa hajui anacheka nini.

Kaveke aliirudisha mashini yake mfukoni, akatoka bila kuaga. Nje alisimama kidogo juani. Akaona njia imebaki moja, nayo ilikuwa rahisi sana hata akajiuliza mbona hakuifikiria mapema: Wamboi atakuwa na yake. Msichana wa siku hizi, anayenunulia mama mkwe mashini ya namna hiyo, atakosaje yake? Ataiazima kwa siku mbili, Mwau avuke Alhamisi, na kitu cha wageni kibaki cha wageni. Akachukua pikipiki mpaka Mwihoko.

* * *

Wamboi alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya geti la ploti wanayoishi, pembeni ya kigari cha kuuzia soseji za smoki na mayai. Miguuni alikuwa na beseni la vitunguu na nyanya, na alikuwa anakata kachumbari kwa kisu kidogo, haraka haraka, macho yamejaa machozi ya vitunguu. Kidole kimoja kilikuwa kimefungwa plasta. Alipomwona mama mkwe anashuka kwenye pikipiki aliruka.

"Mami! Ngai, kwani kumeenda aje? Baba yuko sawa?"

"Yuko. Hakuna kitu."

"Mbona hukupiga simu? Ningekutafutia soda. Ingia ndani, Mami, nikuwekee chai."

"Sikai. Nimeharakisha." Kaveke akaupangusa uso kwa leso. "Mashini yangu imeharibika, na kesho ni kliniki. Nimekuja niazime yako."

Wamboi alimtazama kana kwamba hajasikia. "Yangu gani?"

"Si mashini kama ile mlinipatia."

"Mami," Wamboi akasema polepole, "mimi sina mashini." Akainua kile kisu. "Mashini yangu ni hii."

Kaveke aliangalia kisu, akaangalia plasta, akaangalia beseni. Mteja mmoja akaja akataka smoki mbili, Wamboi akamkatia, akamwekea kachumbari, akapokea pesa, yote bila kumwondolea macho mama mkwe.

"Na ile yako iko wapi?" akauliza mteja alipoondoka.

"Iko."

"Iko wapi, Mami?"

"Kwa kabati."

"Bado?"

Kaveke akaikunja leso yake.

"Mami, hiyo kitu nililipia polepole, miezi na miezi. Hapa hapa, na hii kisu. Muoki alitaka ninunue moja ya kazi yangu, nikamwambia hapana, Mami kwanza, Baba siku moja anaweza kuwa mgonjwa, wamezeeka. Wakati huo Baba alikuwa mzima! Halafu Baba akagonjeka kweli, nikasema Mungu ni mkubwa, angalau iko. Nikikuja nyumbani naipata kwa kabati na kitambaa. Nikikuja tena, kwa kabati na kitambaa. Muoki akaniambia ninyamaze, eti nitaonekana sina heshima. Nimenyamaza mpaka waranti ikaisha ikiwa kwa kabati. Leo sinyamazi."

"Usinipigie kelele barabarani, Wamboi. Kuna wageni wa Ngina, lazima wapate nyumba iko na kitu. Mimi sitaki msichana wangu adharauliwe."

"Kwani wageni wa Ngina watakula mashini?"

"Wataiona."

"Na Baba?" Wamboi aliuliza, na sauti ikamvunjika. "Hao wageni wakifika, watampata?"

Hapo hata pikipiki zilizokuwa zikipita zilionekana kupungua sauti. Wamboi alijiziba mdomo kwa mkono wa vitunguu. Hilo lilikuwa neno ambalo mke wa mtu hamwambii mama mkwe, wala Mkikuyu wala Mkamba, na wote wawili walijua limeshatoka.

"Mami, nisamehe. Sikumaanisha. Ingia ndani nikuwekee chai."

"Sinywi chai," Kaveke akasema.

Akageuka. Alikuwa hajawahi kuondoka nyumbani kwa mwanawe bila kunywa chai, na aliondoka akijua Wamboi atalia, na akasema moyoni acha alie. Msichana gani huyu! Amzike mzee wa watu angali hai, mbele ya wauza mayai! Alinung'unika mpaka Ruiru, akanung'unika mpaka Thika, na kila alipomaliza orodha ya makosa ya Wamboi, lile swali lilikuwa bado limekaa pale pale linamngoja.

* * *

Alifika Landless jua likianza kuondoka mlangoni. Kavata alimwambia Mwau amekataa uji na amekunywa vijiko viwili vya mtindi. Kisha akaenda zake upesi, maana aliuona uso wa Kaveke.

Mwau alikuwa kwenye kiti chake. "Umerudi," akasema.

"Nimerudi. Usiniongeleshe."

Alibandika muthokoi na maharagwe uliobaki, akautia mchuzi na kipande cha nyama, ukachemka mpaka ukalainika. Halafu akaja sebuleni, akasimama mbele ya kabati. Akafungua kioo. Akaondoa kitambaa, akakikunja, akakiweka begani. Akaibeba mashini nyeusi kwa mikono miwili, akaiweka mezani karibu na swichi, akaung'oa ule utando wa plastiki juu ya vitufe, na sauti yake ya kubanduka ikamuuma masikio.

Mwau alikuwa anatazama.

Kaveke akapakua chakula ndani ya bakuli, akaweka kifuniko, akachomeka waya, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza kwingine. Kimya. Akachomoa, akachomeka, akabonyeza vitufe vyote kimoja baada ya kingine. Kimya.

"Aiya! Haya, ona sasa!" akalipuka. "Ona! Imekufa! Imekufa hata haijafanya kazi! Na ati mpya! Ati inasaga njugu! Nimechekwa Ruiru, nimetukanwa Mwihoko, nimeiharibu zawadi ya watoto, na waranti imeisha!" Akaigonga ubavuni kwa kiganja, kama alivyozoea kuigonga ile ya zamani, mara mbili, na machozi yakaanza kumtoka kwa hasira. "Nitakulisha nini, Baba Muoki? Niambie! Kesho nitakupeleka na nini?"

"Mshale," Mwau akasema.

"Nini?"

"Mshale." Alinyanyua mkono wake mzima, akauelekeza. "Wa kifuniko. Uangalie... kufuli."

Kaveke akafuta macho. Kwenye kifuniko kulikuwa na mshale mdogo sana. Kwenye ukingo wa bakuli kulikuwa na kufuli mbili zilizochorwa, moja wazi na moja imefungwa. Mshale ulikuwa unaangalia ile iliyo wazi. Akazungusha kifuniko. Kikagoma.

"Na bakuli pia," Mwau akasema. "Kwanza bakuli."

Akazungusha bakuli, likakaa. Akazungusha kifuniko, kikafanya klik. Akabonyeza, na mashini ikanguruma, ngurumo nyembamba, safi, isiyo na kelele za kugongana, na mahindi na maharagwe na nyama vikapanda kwenye kuta za bakuli vikashuka tena, vikapanda vikashuka, mpaka pakawa hapana cha kuitwa mahindi wala maharagwe.

Kaveke aliutia kwenye bakuli, akaugeuza kwa kijiko. Hapakuwa na ganda hata moja.

Alivuta stuli, akakaa karibu na mumewe, akamlisha kijiko cha kwanza, akangoja kikohozi. Kikohozi hakikuja. Akampa cha pili, akangoja. Cha tatu. Hapo ndipo Mwau huwa anageuza uso. Hakugeuza. Alifungua mdomo mwenyewe, kabla ya kijiko kufika. Kaveke akaanza kulisha haraka, halafu polepole, akiogopa kusema neno lolote, na bakuli likaendelea kupungua mpaka kijiko kikawa kinakwaruza chini.

Mwau alimeza, akavuta pumzi.

"Ongeza," akasema.

Neno hilo halikuwa limesikika katika nyumba hiyo tangu kiharusi. Kaveke alibaki ameshika bakuli tupu mapajani. Ndipo yalipoanza kumfikia, moja baada ya jingine: vile visu visivyokata, vijiko vitatu vya kila siku, nimeshiba, nimeshiba, mifupa ya bega. Hakuwa ameshiba. Hakuwa na maringo wala ukaidi. Alikuwa na njaa.

"Ulijuaje?" akamuuliza. "Huo mshale. Nani alikufundisha?"

"Si imeandikwa mbele." Mwau akaonyesha kwa kidevu, kabatini, pale palipobaki nafasi tupu baina ya glasi. "Naiona kila siku. Nimesoma yote."

"Sasa kama ulikuwa unaiona kila siku!" Kaveke akapaza sauti, kwa hasira ambayo hakujua aielekeze wapi. "Kama ulijua inasaga hivi! Umekaa hapo unakonda, unaniambia umeshiba, chakula kinakukaba, mpaka wanataka kukuweka mpira, na kitu kiko hapo mbele ya macho yako! Kwa nini hukusema, Baba Muoki? Mdomo unao! Kwa nini hukusema?"

Mwau alimtazama kwa mshangao. Hakuwa amekasirika. Alikuwa kama mtu anayeulizwa jambo ambalo mwenye kuuliza ndiye aliyelifundisha.

"Si ulisema," akajibu, "ni ya wageni?"

Kidevu cha Mwau kilikuwa kimechafuka muthokoi, na lile taulo kuukuu lilikuwa limeanikwa nje tangu juzi. Alikichukua kile kitambaa begani, cheupe, alichokifuma kwa miezi, akampangusa nacho kidevu, taratibu, pande zote mbili. Kisha akakikunjua, akamfunga nacho shingoni, akakisawazisha kifuani.

Akafungua kabati, akatoa sahani moja ya maua, akaipuliza vumbi, akaenda kumwongezea.